Seva ndogo ya kuhifadhia mafaili nyumbani: njia nne za kuipata, na ipi inamfaa nani

Saa moja ya video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 za diski. Harusi moja ikipigwa kwa kamera mbili, tangu bibi harusi anapopambwa hadi keki inapokatwa ukumbini, hutoa kwa urahisi saa sita za video, yaani gigabaiti 270, na kabla kazi hiyo haijakabidhiwa, send-off ya wiki inayofuata imekwisha kupangwa. Kazi hiyo ndiyo inayonipa riziki hapa Kigamboni, na kwa miaka mingi niliihifadhi katika diski za mkononi zilizobandikwa vipande vya plasta vyenye majina ya maharusi. Siku moja mtoto alipita mbio akajikwaa kwenye waya, diski ikaanguka sakafuni kutoka kimo cha meza ya sebuleni, na ilipochomekwa tena ikawa inatoa mlio wa tik, tik, tik bila kufunguka. Ndani yake mlikuwa na harusi tatu, na moja kati ya hizo wenyewe walikuwa bado hawajakabidhiwa.

Kupandisha mafaili ya ukubwa huo kwenye hifadhi za mtandaoni hakuwezekani kwa hali ya nyumba nyingi. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, saa moja ya video hutaka saa kumi za kupandishwa, na hapo hatujagusa gharama ya bando. Ndiyo maana nilianza kutafuta seva ya nyumbani: kompyuta ndogo isiyozimwa, iliyounganishwa na ruta kwa kebo, yenye diski mbili au zaidi, ambayo kila laptopu na simu ya humo ndani huiona kama folda ya kawaida. Kazi ya kuifanya ionekane hivyo hufanywa na Samba, programu huru ambayo Andrew Tridgell wa Australia alianza kuiandika mwishoni mwa 1991, na ambayo leo imo katika karibu kila kifaa cha aina hii, kiwe cha kujengwa au cha kununuliwa.

Njia ninazozilinganisha ni nne: ubao mmoja wa Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye ubao mdogo, wenye diski za USB, kompyuta ya ofisi iliyotumika, seva ya kujiundia kwa mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya Mini-ITX, na kifaa kilicho tayari cha kampuni ya Synology au QNAP. Tatu za kwanza nimezitumia mwenyewe. Ya nne ninaihudumia kwa shemeji yangu.

Kasi ya prosesa si hoja ya kwanza

Wanunuzi wengi huanza kwa kulinganisha prosesa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtandao wa kawaida wa nyumbani ni wa gigabiti moja kwa sekunde, ambayo kwa hesabu ni megabaiti 125 na kwa vitendo ni takribani 110. Diski moja ya kisasa ya inchi 3.5 husoma zaidi ya megabaiti 150 kwa sekunde ikiwa faili ni kubwa. Maana yake ni kwamba kebo ya mtandao hujaa kabla diski haijachoka, na njia zote nne zinaweza kuijaza. Za kuepuka ni Raspberry Pi za zamani, zilizotangulia Pi 4 ya Juni 2019, kwa sababu ndani yake mtandao na diski hugawana njia moja nyembamba ya USB 2.0.

Mtandao wa gigabiti 2.5 huleta tofauti ya kweli kwa mtu anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye seva, lakini lazima seva, swichi na kompyuta ya kuhariria vyote viwe na uwezo huo. Kinachozitofautisha njia hizi ni mambo mengine: diski inapata umeme kupitia wapi, nini hutokea umeme unapokatika saa tisa usiku, uniti ngapi huliwa kwa mwezi, na kifaa kikiharibika ni nani hapa mjini anayeweza kukitengeneza.

Ubao mmoja na diski za USB

Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, ni ndogo kama pakiti ya karata na hutumia takribani wati tatu au nne ikiwa imetulia. Kwa mtu anayeishi chumba na sebule, na ambaye anataka tu picha za familia zikae pamoja, inavutia mno. Ugumu wake uko kwenye matundu ya USB. Adapta yake rasmi hutoa volti 5 na ampea 5. Ikipata adapta hiyo, matundu yote ya USB hugawana ampea 1.6, na ikipata adapta ya ampea 3, ubao wenyewe huyabana yabaki na ampea 0.6. Diski ya mkononi ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea moja kwa kitambo kifupi, kwa hiyo diski mbili zikiamka kwa pamoja, hata adapta rasmi huzidiwa.

Dalili za hali hiyo hazifanani na za kukosa umeme, na ndiyo maana huwapotosha watu. Taa ya ubao inaendelea kuwaka, mtandao unaendelea kufanya kazi, lakini katikati ya kunakili diski moja hutoweka kwenye orodha. Ukiweka kidole juu ya kasha lake unaihisi ikijaribu kuzunguka, ikiacha, kisha ikijaribu tena. Nilihangaika na jambo hilo kwa majuma mawili nikiamini kwamba diski imekufa, kumbe nilikuwa nimeuwasha ubao kwa adapta ya simu.

Ufumbuzi ni kutumia habu ya USB yenye adapta yake, au diski za inchi 3.5 ambazo kila moja huja na adapta yake ya volti 12. Zote mbili hufanya kazi, ila sasa una adapta tatu kwenye ekstensheni moja, na ule udogo uliokuvutia umekwisha. Zipo pia bodi za nyongeza zinazotumia njia ya PCIe ya Pi 5 kuleta matundu halisi ya SATA, yale ya kuchomekea diski ndani ya kompyuta; ni nzuri, lakini ukishalipia ubao, bodi hiyo, adapta yenye nguvu na kasha, umeshafikia bei ya kompyuta nzima ya ofisi. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba diski nyingi za mkononi zina tundu la USB lililochomelewa kwenye saketi ya diski yenyewe, hivyo tundu hilo likivunjika huwezi kuihamishia diski hiyo kwenye kebo ya SATA ili uokoe kilichomo. Mfumo wenyewe pia usiuweke kwenye kadi ya kumbukumbu ikiwa seva itaandika usiku na mchana, bali tumia SSD ndogo, diski isiyo na sehemu inayozunguka.

Kompyuta ya ofisi iliyotumika

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa watu wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Kampuni kubwa za Ulaya na nchi za Ghuba hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa, za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, hufika Kariakoo zikiwa bado na maisha marefu mbele yake, nyingi zikipitia Dubai. Ni mashine zilizotengenezwa ziwake siku nzima bila kelele, na vipuri vyake vimejaa kwa sababu kila shehena huja na nyingine zilizokufa, ambazo mafundi huzichambua vifaa.

Mtego wa kwanza ni ukubwa. Zile ndogo kabisa, zenye ujazo wa kama lita moja na zinazowashwa kwa adapta ya laptopu, zinapendeza machoni, lakini ndani yake mna nafasi ya diski moja tu ya inchi 2.5 pamoja na SSD ya M.2, kwa hiyo ukitaka hifadhi kubwa utarudi kwenye diski za USB na matatizo yake. Inayofaa ni ile nyembamba ya kulazwa, yenye takribani sentimita 30 kwa 30 na unene wa karibu sentimita 10. Baadhi yake hupokea diski mbili za inchi 3.5, nyingine moja tu, na tofauti hiyo huwezi kuijua kwa kutazama nje. Mwombe muuzaji afungue mfuniko. Hesabu nafasi za diski, hesabu matundu ya SATA kwenye mazabodi, kisha fuata kwa kidole nyaya zinazopeleka umeme kwenye diski. Katika kompyuta nyingi za aina hii umeme wa diski hautoki kwenye pawa saplai moja kwa moja, hutoka kwenye tundu dogo la mazabodi, na kebo yake ina vichwa viwili au vitatu tu. Kebo hiyo ikikosekana, usikubali ahadi ya kuletewa kesho, kwa sababu kila kampuni ina umbo lake.

Kwa prosesa, Core i3 au i5 ya kizazi cha 6 hadi cha 8 inatosha kabisa. Bila diski, mashine hizi zikitulia hutumia kati ya wati 10 na 20, na kumbukumbu (RAM) za DDR4 ambazo huchukua ni rahisi kupatikana, jambo lenye maana kwa anayetaka kufikisha gigabaiti 16.

Mtego wa pili nimeujua baada ya safari. Nilikuwa Dodoma kwa siku nne, umeme ukakatika nyumbani na kurudi, na seva haikurudi. Niliporejea nikachomeka skrini, nikakuta maandishi meupe juu ya weusi yakisema saa ya mashine haijapangwa na kwamba nibonyeze F1 ili iendelee. Betri ndogo ya CR2032, ile ya duara kama shilingi, ilikuwa imeisha. Kila umeme ulipokatika mashine ilisahau tarehe, ikasimama kusubiri mtu abonyeze kitufe kwenye kibodi ambayo haikuwepo. Tangu hapo, kila kompyuta iliyotumika ninayoinunua huibadilisha betri hiyo siku ileile, kisha huingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, na kuiagiza iwake yenyewe umeme unaporudi. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na bila hiyo mashine hii haistahili kuitwa seva.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Hewa ya bahari ina chumvi, na kompyuta iliyokaa wazi karibu na dirisha hushika kutu kwenye skrubu na ukungu mweupe kwenye miguu ya matundu. Ukishainunua, ifungue, ipulize vumbi, safisha feni kwa brashi laini, ondoa mafuta ya kupitishia joto yaliyokauka juu ya prosesa upake mapya, na uiweke mahali pakavu, mbali na dirisha linaloelekea baharini.

Udhaifu wake wa kweli ni upanuzi. Ukishajaza nafasi mbili za diski umefika mwisho, na pawa saplai yake, kwa kuwa si ya umbo la kawaida, ikiungua lazima utafute ya modeli ileile.

Kujiundia kwa Mini-ITX

Mini-ITX ni kipimo cha mazabodi cha sentimita 17 kwa 17 kilichobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Kilichokirudisha katika mazungumzo ya seva za nyumbani ni prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023, yenye viini vinne (cores) na kiwango cha joto cha wati 6, ambayo huuzwa ikiwa imeshachomelewa kwenye mazabodi. Ukiiweka katika kasha kama Jonsbo N2 unapata diski tano za inchi 3.5, Jonsbo N3 hubeba nane, na Node 304 ya Fractal Design hubeba sita. Hakuna kompyuta ya ofisi nyembamba inayofikia idadi hiyo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila kiungo kinabadilishika peke yake: pawa saplai ni ya umbo linalouzwa popote duniani, feni ni ya kipimo cha kawaida, mazabodi ikichakaa kasha linabaki. Ila popote duniani hakumaanishi Kariakoo. Kasha na mazabodi za aina hii mara nyingi huagizwa kutoka China, kuna kusubiri, kuna ushuru, na ukiletewa yenye kasoro, kuirudisha hugharimu karibu sawa na kununua nyingine. Anayechagua njia hii awe na subira na akiba.

Soma kwa makini idadi ya matundu ya SATA, na uulize yanatoka wapi. N100 yenyewe huwa na matundu machache; kwa mfano ASRock N100DC-ITX ina mawili tu, ingawa ina sifa nyingine nzuri ya kuwashwa kwa adapta ya laptopu ya volti 19. Mazabodi zinazotangazwa kuwa na matundu sita huongeza chipu ya pili. Chipu kama JMB585 au ASM1166 hutoa kila tundu kwa njia yake na zinafaa. Za kuepuka ni zile zinazochukua tundu moja la SATA na kuligawa mara tano, kwa sababu diski moja ikikwama huzikwamisha zote, na mfumo utadhani diski tano zimekufa kwa pamoja.

Joto ndilo linalohitaji uangalizi zaidi katika makasha haya. Diski tano zimekaa bega kwa bega na feni moja nyuma yake, katika chumba ambacho mwezi wa Februari hufika nyuzi 32 bila kiyoyozi. Diski nyingi zimeandikwa kikomo cha nyuzi 60 au zaidi, lakini mimi sipendi zangu zipite 45, kwa hiyo nimeacha nafasi ya kiganja kizima nyuma ya kasha na feni huiendesha kwa kasi isiyobadilika badala ya kuiacha isubiri joto lipande. Ukiwa na kasha la trei tano na diski tatu, ruka trei moja kati ya diski na diski.

Kifaa kilicho tayari

Kuhusu Synology na QNAP sina mengi, kwa sababu sifa yao ni kwamba hayahitajiki mengi. Unafungua boksi, unachomeka diski, unafuata maelekezo kwenye simu, na katika saa moja picha za familia nzima zinajipakia zenyewe. Shemeji yangu ni mwalimu na hana hamu ya kujifunza Linux. Kwake kifaa cha diski mbili kama DS223 ya Synology, kinachotumia takribani wati 17 kikiwa kazini, ndicho chaguo sahihi, ingawa kwa bei hiyohiyo angepata kompyuta ya ofisi yenye nguvu mara kadhaa.

Anayenunua akubali jambo moja: mwenye programu ndiye mwenye usemi. Aprili 2025 Synology ilitangaza kwamba modeli mpya za kundi la Plus za mwaka huo zingetaka diski zake au zilizoidhinishwa nayo, wateja wakalalamika, na Oktoba mwaka huohuo ikalegeza sharti hilo kupitia toleo la 7.3 la DSM, mfumo unaoendesha vifaa vyake. Mnunuzi wa kawaida hakuwa na la kufanya katika miezi ile zaidi ya kusubiri.

Tahadhari nyingine inahusu njia zote nne, ingawa ilianza kusikika sana kwa wenye vifaa hivi. Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt walifunga mafaili ya vifaa vingi vya QNAP vilivyokuwa vinafikika moja kwa moja kutoka kwenye intaneti, wakadai malipo ili wayafungue. Usifungue mlango wa ruta unaoelekea moja kwa moja kwenye huduma za seva ili uifikie ukiwa safarini. Tumia njia ya siri ya WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020.

Uniti za LUKU

Hesabu ya uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni rahisi: zidisha wati kwa saa 24, kisha kwa siku 30, gawanya kwa 1,000. Raspberry Pi na diski mbili za mkononi, tuseme wati 10, hula uniti 7.2 kwa mwezi. Kompyuta ya ofisi yenye diski mbili za inchi 3.5, ikiwa na wastani wa wati 25, hula 18. Mini-ITX yenye diski nne au tano hufika wati 40, yaani uniti 28.8, na sehemu kubwa ya hizo ni ya diski, wala si ya prosesa.

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya kusimamia bei za nishati, mteja wa D1, yule ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Chukua nyumba iliyo kwenye D1 inayotumia uniti 55. Ikiongeza kompyuta ya ofisi inafika 73 na kubaki salama, japo kwa kuponea chupuchupu. Ikiongeza Mini-ITX ya diski tano inafika karibu 84, na ikihamishiwa T1 haitalipia zile 29 pekee kwa bei mpya. Italipia zote 84, takribani shilingi 24,500 badala ya 5,500 za awali. Kwa nyumba ya namna hiyo tofauti ya wati 15 ina uzito kuliko tofauti yoyote ya prosesa, na ni jambo ambalo maelezo yanayoandikwa nje hayawezi kumwambia mtu wa hapa.

Umeme ukikatika

UPS, betri inayoshika umeme unapokatika, si pambo. Lakini UPS isiyo na kebo ya USB ya kuzungumza na seva huahirisha tu tatizo: betri itaisha usiku ukiwa umelala, na seva itazimika ghafla vilevile. Inayotakiwa ni ile inayotoa taarifa, ili programu ya NUT iizime seva kwa utaratibu betri inapopungua. Vifaa vya Synology na QNAP huitambua ukishachomeka. Kompyuta ya ofisi na Mini-ITX hutaka dakika chache za kupanga. Pi ndiyo yenye shida hapa, kwa sababu zile UPS ndogo za ruta zinazouzwa kila mahali hutoa ampea mbili tu kwenye tundu la volti 5, wakati Pi 5 yenye diski inataka tano. Italazimu uinunulie UPS kubwa inayoizidi bei.

Mfumo wa faili nao una nafasi yake. ZFS na Btrfs huandika taarifa mpya mahali papya kabla ya kuachia ya zamani, kwa hiyo huvumilia kuzimika ghafla vizuri, na huweka alama za kuhakiki kila kipande, hivyo picha ikioza kimyakimya utajua. TrueNAS, inayotumia ZFS, hutaka angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu na haiendeshwi kwenye Pi; OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian, huendeshwa kote. Kwa anayeanza na kompyuta ya ofisi yenye gigabaiti 8, ningeanza na OpenMediaVault.

Diski zenyewe

Katika njia zote, diski ndizo zitakazokula pesa nyingi, na hapo ndipo pasipo pa kubania. Uliza kama diski ni ya CMR, inayoandika mistari yake ya data kandokando bila kulaliana, au ya SMR. Ya SMR huandika mistari hiyo ikilaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja huilazimu kuandika upya vya jirani, na inapojengwa upya ndani ya kundi la diski huweza kuchukua siku nyingi au kutolewa kabisa. Aprili 2020 ilibainika hadharani kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa za SMR bila kuandikwa hivyo. Baadaye zile za CMR zikapewa jina la Red Plus. Diski kubwa za mkononi za inchi 2.5 nazo kwa kawaida ni za SMR.

Diski iliyotumika isome kwa amri ya smartctl, inayoonyesha imewaka saa ngapi, kabla hujalipa. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo ukikuta saa 35,000 umeuziwa diski ya miaka minne. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua diski za Seagate zilizotumika ambazo wauzaji walirudisha hesabu ya saa zake hadi sifuri na kuziuza kama mpya. Kwa diski za kampuni hiyo soma pia kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, ambayo katika diski zile ilibaki ikionyesha saa halisi.

Diski mbili zinazoakisiana kama kioo, kila moja ikibeba nakala ya nyingine, hukulinda diski moja ikifa. Hazikulindi dhidi ya wizi, moto, au mkono wako mwenyewe uliofuta folda ya maharusi usiowakusudia. Nakala ya pili lazima ikae nyumba nyingine.

Kwa hiyo, kwa mwenye picha na hati za familia zisizozidi terabaiti chache, anayetaka kitu kisichomdai muda, kifaa cha dukani cha diski mbili kinamfaa. Kwa anayeweza kushika bisibisi na kusoma maelekezo, kompyuta nyembamba ya ofisi yenye diski mbili za CMR, betri mpya ya CR2032 na UPS yenye kebo inazishinda zote kwa thamani ya pesa, na ningeichagua hata kama ningekuwa na uwezo wa kununua cha dukani. Mini-ITX ni ya mtu ambaye anajua tayari kwamba diski mbili hazimtoshi na ambaye hayuko kwenye D1. Mimi nilihamia huko baada ya miaka miwili, terabaiti nane zilipojaa.

Pi yangu ya zamani haikutupwa. Iko kwa dada yangu Morogoro, juu ya kabati la vyombo, na diski moja yenye adapta yake ya volti 12. Kila usiku saa nane seva ya Kigamboni huitumia mafaili mapya pekee kwa rsync, kupitia WireGuard, na asubuhi hupata ujumbe mfupi unaonieleza yaliyopita ni mangapi. Harusi moja huchukua usiku kadhaa kufika, lakini hufika.